Joho la Paulo na baridi ya Makete



Masika yamekatika na Dar es Salaam imeanza kupumua. Ukishuka kwenye mwendokasi pale Msimbazi saa kumi na mbili asubuhi, utawakuta watu wamevaa masweta, na utingo wa lori amejifunga skafu shingoni kana kwamba yuko Ulaya. Baridi yetu sisi wa Pwani ni ya kuchekesha. Usiku wa Julai hapa mjini joto huzunguka nyuzi 19 au 20, nasi tunafunga madirisha, tunazima feni, na muuza kahawa wa Mtaa wa Kongo anapata wateja ambao Februari hakuwaona. Upepo wa kusi umeingia. Tunasema Mungu ametukumbuka baada ya joto la Machi.

Wiki hizi hizi, katika nchi hii hii, kuna watu ambao hawapumui. Wanakimbizana na muda. Nawazungumzia wazee wa Makete, na wa Njombe yote ya milimani, na wenzao wa Mufindi. Nimeanza na Makete kwa sababu Kariakoo bila Makete si Kariakoo tunayoijua. Ingia madukani, Mtaa wa Sikukuu, Narung'ombe, Aggrey, uliza mwenye duka la vyombo au la nguo ametokea wapi. Hutazunguka maduka mengi kabla hujamkuta Mkinga. Na hata wewe usiye na ndugu huko umekula jasho la huko. Viazi mviringo vilivyokaangwa chipsi jana usiku pembeni ya kituo cha daladala, vingi hutoka Njombe na Mbeya, vikipanda malori usiku na kuteremshwa kwenye masoko yetu alfajiri.

Kitu kinachowakaribia wazee hao kinaitwa sakitu. Wengi wetu wa mjini neno hilo tumelikuta mahali pamoja tu, kwenye Kutoka sura ya 16, mana ilipoanguka jangwani na mwandishi akatafuta kitu cha kuifananisha nacho: kidogo, chembamba, kimetanda juu ya nchi kama sakitu. Tumesoma tukapita, maana mana tulifundishwa na sakitu hatukuiona. Mtu wa Makete hahitaji kufundishwa. Ametoka nje asubuhi ya Juni akaikuta imelala juu ya nyasi, nyeupe, inavunjika chini ya kandambili, na jua likipanda haipo tena, kama mana yenyewe ilivyoyeyuka jua lilipopata ukali.

Tofauti ni kwamba mana iliacha chakula, na sakitu inachukua chakula.

Namna inavyokuja ni rahisi kuieleza. Mchana ardhi imepata joto la jua. Usiku joto hilo hupanda juu na kuondoka. Kukiwa na mawingu, yanafanya kazi ya blanketi, yanalizuia. Mvua zikishakatika mwezi Mei, mawingu nayo huondoka, na usiku unakuwa mweupe wa nyota. Upepo ukitulia, hakuna kinachoichanganya hewa. Hewa ya baridi ni nzito kuliko ya joto, hivyo inateremka mlimani taratibu kama maji na kujikusanya bondeni. Kule bondeni ndiko kuliko na vinyungu, bustani za kiangazi ambazo watu wa nyanda zile hulima kwenye udongo wenye unyevu ili wapate viazi, mahindi mabichi na mboga wakati wa ukame. Shamba la mlimani linaweza kupona na la bondeni likaungua usiku uleule, yakitenganishwa na mwendo wa dakika kumi. Wenyeji husema "limeungua", na hawajakosea neno. Kufikia saa sita mchana majani ya viazi ni meusi kama yaliyopitiwa na moto.

Aliyekuwa na meza ndani ya soko letu kuu usiku wa Jumamosi ya Julai 10, 2021 anaelewa bila mimi kuendelea. Alilala ana mali, akaamka hana. Wengine waliambiwa kwa simu, wakafika wakati paa la jengo lile lililosanifiwa na Beda Amuli likiwa limekwisha kushika moto, wakasimama barabarani wakitazama. Sakitu haina ving'ora wala magari ya zimamoto, wala haiingii kwenye habari za saa mbili usiku. Shamba moja moja, familia moja moja, kimya kimya.

Ndiyo maana wiki hizi za mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni zina kazi nyingi. Kwenye Uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji wanauita Bustani ya Mungu na ambao tangu mwaka 2005 umekuwa Hifadhi ya Taifa, mwinuko ni kama mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Vijiji vinavyouzunguka havipishani nao sana. Mahindi ya mlimani yamekauka yanasubiri kuvunjwa na kupandishwa darini, juu ya moshi wa jikoni, bungua asiyaguse. Maharage yapigwe. Maua ya pareto yachumwe na kuanikwa wakati jua bado linakausha. Viazi vya mbegu vichaguliwe kimoja kimoja, vile vyenye macho mazuri, vitandazwe chini ya paa mahali penye mwanga hafifu, maana mbegu ikishikwa na baridi ni mwaka mzima umepotea. Miche ya matofaa na ya parachichi, ambayo serikali na wafanyabiashara wamewahimiza wazee waipande, ijengewe vibanda vya nyasi mche mmoja mmoja, kwa sababu mche wa mwaka mmoja hauhimili. Ndama walazwe ndani. Nyufa za ukuta zizibwe kwa udongo kabla upepo haujazigundua. Ulanzi siutaji, leo ni Jumapili, lakini nao hukoma mvua zikikoma, kwa hiyo hata kisingizio cha kupasha mwili joto hakipo.

Kisha kuni.

Hapa nataka tukae kidogo, msomaji wangu, kwa sababu kwenye kuni ndipo mambo yote yanapokutana. Nyumba ya milimani inakula kuni mwezi wa Juni na Julai kuliko miezi mingine yote. Moto unawashwa kabla ya alfajiri na unazimika watu wakishalala. Miti ipo, mipaini na milingoti imejaa kila kilima. Lakini mti hauji jikoni wenyewe. Unakatwa, unapasuliwa kwa shoka, unabebwa, unapangwa ukutani upate kukauka. Ni kazi ya kijana mwenye mgongo mzima. Na huyo kijana, msomaji, yuko hapa Kariakoo anapasua boksi la sahani za kutoka China.

Simlaumu. Alitumwa. Wazazi wake waliuza viazi wakamlipia nauli, wakamwombea, mjomba akampokea dukani, akalala stoo miaka miwili juu ya mabalo ya mitumba, leo ana fremu yake. Huko nyuma mkoa ule ulipigwa vibaya na UKIMWI, na tafiti za kitaifa mpaka miaka ya karibuni zimeendelea kuutaja mkoa wa Njombe kuwa wa kwanza nchini kwa maambukizi. Nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu, katikati hakuna mtu. Wajukuu wale ndio vijana wa leo wa Mtaa wa Kongo. Bibi aliyewalea amebaki na shoka.

"Lakini mimi nyumbani naenda kila mwaka," utaniambia. Najua. Unaenda Desemba. Sote tunaenda Desemba. Duka linafungwa baada ya mauzo ya Krismasi au linaachiwa kijana, mabasi ya Njombe yanajaa, kanisa la nyumbani linafurika watu wa mjini wenye suti, mbuzi anachinjwa, picha zinapigwa. Na Desemba ya Makete ni nzuri kweli. Mvua zimeanza, milima ni ya kijani, muda si mrefu maua ya Kitulo yatachanua mpaka watalii watoke ng'ambo kuja kuyapiga picha. Mama amepaka mafuta, amevaa kitenge kipya ulichomletea. Unamwuliza, "Mama hujambo, hamna shida?" Anakujibu, "Hatujambo mwanangu, shida gani tena, Mungu anatutunza." Na wakati ule anasema kweli.

Wewe uliondoka nyumbani una miaka kumi na saba. Tangu hapo hujaiona Juni ya kwenu hata mara moja. Unamjua mama yako wa Desemba. Yule wa Juni, anayelala na nguo tatu mwilini, anayeamka saa tisa usiku kuchochea moto kwa sababu miguu imekufa ganzi, anayeliingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango ili joto lisitoke, huyo hamjaonana.

Nimelitaja jiko la mkaa makusudi. Kila msimu wa baridi, huko nyanda za juu, watu hufa usingizini kwa hewa ya jiko lililolazwa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa ile haina harufu wala rangi, na haimwamshi mtu. Kama leo hutafanya kingine chochote baada ya kusoma safu hii, piga simu nyumbani useme jiko litolewe nje kabla ya kulala, na dirisha liachwe wazi kidogo hata kama panauma. Mzee atakucheka kwamba unamfundisha moto. Mwache acheke.

Sasa tufungue Biblia. Waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya 4, ambao wengi tunausomea mistari ya vita vizuri na taji ya haki, hasa kwenye misiba ya wachungaji. Ukishamaliza mistari hiyo usiifunge, endelea kushuka. Mtume mkuu, amefungwa Roma, amekwisha kusema kwamba wakati wake wa kufariki umefika, anageuka na kuanza kuagiza vitu kama mzee yeyote anayempigia mwanawe simu. Pale Troa, kwa Karpo, nililiacha joho langu, ukija uje nalo. Vitabu navyo. Umpitie Marko uje naye. Na kabla hajaweka kalamu chini, kwenye mstari wa 21, anarudi palepale: jitahidi, ufike kabla majira ya baridi hayajaingia.

Mhubiri mmoja wa Marekani, Clarence Macartney, alihubiri juu ya ombi hilo mwaka 1915 akiwa Philadelphia, na hotuba ile ikawagusa watu hata akawa anairudia mwaka hadi mwaka, majani ya miti yanapoanza kupukutika kule kwao. Sisi majani yetu hayapukutiki Oktoba. Oktoba ndiyo tunasubiri embe. Labda ndiyo sababu mstari ule haujapata nafasi sana kwenye mimbari zetu. Waliotafsiri Biblia yetu ya Union, iliyotoka 1952, waliijua shida hiyo. Walipofika Mwanzo 8, Mungu anapomwahidi Nuhu kwamba majira hayatakoma, mahali ambapo lugha nyingine zinataja kiangazi na kipupwe wao waliweka kaskazi na kusi. Pepo za mabaharia wa Pwani! Napenda sana uamuzi ule. Ahadi ya Nuhu ikawa inavuma Magogoni.

Lakini kusi ya Magogoni ni burudani, na baridi ya Paulo ilikuwa na mambo mawili ambayo mtu wa Makete atayaelewa haraka kuliko mtu wa Ilala.

La kwanza, njia inafungwa. Zama zile Bahari ya Mediterania haikupitika kuanzia Novemba hivi mpaka Machi. Paulo hakuambiwa, aliyapitia. Matendo 27 inaeleza jinsi yeye mwenyewe alivyowaonya mabaharia kwamba siku zimepita na safari itakuwa na hasara, wakamsikiliza nahodha, meli ikavunjika Melita. Kwa hiyo anapomwambia Timotheo aje kabla ya baridi, hasemi "ukipata nafasi". Kama hukuondoka Septemba, hufiki mpaka machipuko. Na kufikia machipuko mimi sitakuwepo. Mapokeo ya kanisa yanasema aliuawa Roma siku za Nero.

La pili ni hilo joho. Nimesikia mahubiri yakiligeuza joho lile kuwa huduma, upako, mamlaka ya kitume. Jamani. Ni koti. Mzee alikuwa na baridi. Mtu aliyechukuliwa mpaka mbingu ya tatu, aliyeandika nyaraka nyingi tunazozisoma ibadani, alikaa kwenye sakafu ya mawe akifikiria nguo nzito aliyoisahau nyumbani kwa rafiki. Angeweza kuomba Timotheo amtumie fedha anunue jingine Roma. Roma hapakukosekana nguo. Aliomba mtu aje, na aje amelibeba.

Soma pia nani ameondoka. Dema amemwacha kwa kuupenda ulimwengu huu, amekwenda Thesalonike. Kila mhubiri anamjua Dema, tumemchapa viboko miaka elfu mbili. Lakini angalia majina yanayofuata. Kreske amekwenda Galatia. Tito amekwenda Dalmatia. Tikiko, Paulo mwenyewe amemtuma Efeso. Hao si waasi. Wameondoka kwa sababu njema, wengine kwa kutumwa na mzee mwenyewe, kama wewe ulivyotumwa Kariakoo. Hata hivyo hesabu ya usiku ni ileile: amebaki Luka peke yake, na joho liko Troa.

Hapo ndipo ninapotaka kusema jambo ambalo wengine watanikasirikia. Sisi watu wa mjini ni hodari sana wa kufika baada ya baridi. Tuna vyama vya kufa na kuzikana vya watu wa nyumbani, tunakutana kila mwezi, kila mtu ana daftari. Mzee akifariki Julai, na baridi huwachukua wengi mwezi huo, vichomi vya mapafu na presha, simu zinalia, kundi la WhatsApp linafunguliwa, mpaka jioni mamilioni yamechangwa. Coaster mbili zinakodiwa. Sanduku zuri. Tunasafiri usiku kucha kupitia Morogoro, Iringa na Makambako, tunaingia Makete asubuhi, tunatetemeka kwenye makoti ya kuazima, na mtu anasema, "Kumbe kuna baridi namna hii!" Tumefunga maduka siku nne. Hakuna aliyelalamika juu ya siku nne zile, maana msiba haukataliwi.

Nauli ya Coaster moja ile ingekata kuni za nyumba ngapi mwezi Mei?

Siupingi mshikamano wa misiba. Ni mojawapo ya mambo mazuri tuliyo nayo, na mtu asiyezikwa na watu wake ni huzuni. Ninauliza tu kwa nini daftari lile halina ukurasa wa walio hai.

Na kanisani kwetu tusijitoe. Juni na Julai ndiyo miezi ya sikukuu za mavuno kwenye sharika nyingi. Kuku wananadiwa, mkungu wa ndizi unauzwa mara tatu, ahadi za jengo zinasomwa kwa majina. Marko 7 ina habari ya watu waliosema mali ambayo ingemsaidia baba na mama ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, basi wakajiona wamemaliza. Bwana Yesu aliwaambia wazi kwamba wametangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Mchungaji wangu atanisamehe: bahasha ya jengo haimtoi mtu kwenye kuni za mama yake. Paulo aliyemwandikia Timotheo habari ya joho ndiye aliyemwandikia, katika waraka wa kwanza sura ya 5, kwamba watoto na wajukuu wajifunze kwanza kuwatenda wema watu wa nyumbani mwao na kuwalipa wazazi. Neno ni kwanza.

Naijua hesabu ya upande wa pili. Fremu Kariakoo hailipiwi kwa maombi. Kodi ya pango inadaiwa miezi sita au mwaka kwa mkupuo, mkopo wa kikoba una Jumamosi yake, mamlaka ya mapato ina tarehe zake za Juni, na Sabasaba inakaribia. Duka likifungwa siku nne mteja wa jumla kutoka Lubumbashi au Lilongwe anahamia kwa jirani, na huenda asirudi. Anayesema "funga uende" bila kuyataja haya hajawahi kufungua duka. Kwenda Makete na kurudi si safari ya kwenda Kibaha. Unaondoka Mbezi alfajiri, unaingia Njombe usiku, kesho yake ndipo unapanda gari la Makete. Barabara ile ambayo zamani ilikuwa tope na vumbi sasa ni lami, Mungu awabariki walioijenga, lakini milima haikupunguzwa.

Kwa hiyo kama kweli huwezi kwenda, na baadhi yenu hamwezi, tuma mtu. Hata Paulo alimtuma Tikiko alipokuwa hawezi mwenyewe. Usitume fedha kwa mama peke yake, maana mama akizipata atamlipia mjukuu wa jirani ada, atatoa zaka, zilizobaki atazifunga kwenye kitambaa akusubiri wewe Desemba akurudishie. Mpigie mzee wa kanisa au kiongozi wa jumuiya. Mwambie: nataka mzigo wa kuni zilizopasuliwa, upangwe kwenye ukuta wa jikoni, unipigie picha. Mwambie aangalie na bati linalovuja. Malipo yaende kwa aliyefanya kazi, kwa wakala, baada ya picha. Kijana mmoja aliyebaki kijijini atapata riziki, na mama atalala.

Lakini kama unaweza kwenda, ndugu yangu, nenda.

Sisemi na Wakinga peke yao. Kila nyumbani kuna mwezi wake ambao watoto hawauoni. Msomaji wa Lushoto na wa Mbulu baridi yake anaijua. Wa Dodoma, mwezi wenu ni Oktoba, visima vikikauka na bibi akipanga foleni ya maji saa kumi usiku. Mnapofika Krismasi mvua imeshanyesha na madimbwi yamejaa. Wa Rufiji mwezi wenu ni Aprili, mto unapovamia mashamba. Uliza nyumbani, ila usiulize kama kuna shida, maana jibu lake unalijua. Uliza mwezi gani ni mrefu kuliko yote.

Waraka ule haujatuambia kama Timotheo aliwahi. Hakuna mstari unaosema meli yake ilifika, joho likatolewa kwenye mfuko, mzee akalivaa. Waraka unaisha kwa salamu, na sisi tumebaki bandarini.

Wiki hii ukipita Mchikichini kwenye mitumba, angalia mabalo yanayofunguliwa sasa. Mle mna makoti mazito ya watu wa Ulaya na Marekani, ya sufu na ya manyoya ndani, ambayo hapa Dar hakuna mwenye kazi nayo. Wachuuzi wa Njombe na Mbeya huyanunua kwa jumla na kuyapandisha kwao. Wahi kabla hawajayabeba. Chagua lenye bitana nzima, jaribu zipu mara mbili, pima mikono kwa sababu wazee wetu ni wafupi kuliko Wadachi. Lifue, lianike kwenye jua hili letu la Kariakoo likauke mpaka ndani. Kisha lisitumwe kwa basi na kijana wa mizigo. Lishike mkononi mpaka huko. Utafika jioni, na watakukaribisha sebuleni kwenye makochi yenye vitambaa vyeupe, kwa heshima ya mgeni wa Dar. Usikae huko. Pita mpaka jikoni, moto uko huko, na yeye yuko huko.